Injini Yenye Kigugumizi

"Huyu hapumui," Mumbua alisema. Neno lilimkwama katikati, akalisukuma kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua, mpaka likatoka.

Ilikuwa jioni, siku moja baada ya kumzika mama yake, dada yangu Mwikali, kwao mlimani juu ya mji wa Wote. Wenye mahema walikuwa wameshayakunja na kwenda zao. Akina mama wa kanisa walikuwa nyuma ya nyumba wakisugua masufuria kwa majivu, na sebuleni tulibaki watu wa nyumbani tu, wale ambao hakuna haja ya kuwaaga. Mjukuu wa Mumbua, msichana mdogo ambaye hata hajaanza darasa la kwanza, alikuwa amejilaza kwenye mkono wa kochi na simu ya mama yake, akitazama katuni ya treni zinazoongea. Treni zenyewe zilikuwa na macho, nyusi na midomo. Zilicheka, zikagombana ni nani atangulie, zikaombana msamaha, na moja ikatabasamu mpaka mashavu yakaonekana. Mumbua, ambaye sasa nywele zake ni nyeupe kunishinda mimi, alikuwa amesimama nyuma ya mtoto na sinia la vikombe mkononi. "Treni isiyopumua itaongeaje?" akauliza tena, na wajomba wakacheka, kwa kuwa baada ya mazishi watu hutafuta kitu chochote cha kuchekea. Mimi sikucheka. Aliniangalia, nikamwangalia. Kati ya wote waliokuwa ndani ya nyumba ile, ni sisi wawili tu tuliowahi kumjua yule aliyekuwa akipumua.

Mwaka nilipomjua, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo, na nyumbani Ikutha kungoja huko kulikuwa kumeanza kunigeuza kuwa mchunga mbuzi. Kwa hiyo nilipanga nguo zangu kwenye sanduku la bati, nikaenda kukaa na Mwikali kwenye stesheni ndogo kati ya Emali na Kibwezi, ambako mumewe Kilonzo alikuwa mfanyakazi wa reli. Stesheni yenyewe ilikuwa jukwaa la udongo wa murram, ofisi moja yenye kengele, tangi la maji lililosimama juu ya miguu ya chuma, boma la kupakia ng'ombe, na nyuma ya hayo yote safu ya landhi, vile vyumba vya mawe vya wafanyakazi, vilivyopakwa chokaa juu na rangi nyekundu chini ili vumbi lisionekane. Siku hizi reli mpya inapita mbali kidogo juu ya tuta lake refu la udongo, na treni zake hupita bila hata kugeuza kichwa. Nilipita hapo mwaka jana nikitoka Mtito Andei. Tangi limeondolewa. Miiba imemea katikati ya jukwaa, na mbuzi walikuwa wamelala pale ambapo Mwikali alikuwa akiweka meza yake ya chai.

Chumba chetu kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua. Upande mmoja walilala Mwikali na Kilonzo. Upande wa pili tulilala mimi na Mumbua kwenye kitanda cha kamba, miguu yake mgongoni mwangu. Jiko lilikuwa nje, kibanda cheusi kilichonukia moshi na mafuta ya taa, na hapo Mwikali alianza siku kwa kuchemsha maji ya chai na mayai ya kuuzia abiria. Mchana tulikula isyo, mahindi na maharagwe, na ikiwa nzuu, yaani mbaazi, zimeletwa kutoka nyumbani tulizichanganya humo na kitunguu kimoja cha kukaanga, na Kilonzo angesema kwamba harufu ya kitunguu hicho imemfuata hadi pale reli zinapogawanyika, naye akaifuata mpaka nyumbani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kuunga na kuachanisha mabehewa na kugeuza reli kwa wenzo, na mikono yake haikutakata kamwe, hata Jumapili alipoishika Biblia.

Mumbua alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka mitano na kigugumizi kibaya, si kile cha kurudia silabi moja au mbili, bali kile cha kumshika koo mpaka macho yakalengwa na machozi. Watoto wa landhi walikuwa wameshajua kumwiga. Mwikali, kwa uchungu wa mama, alikuwa amezoea kumpokonya maneno na kuyamaliza yeye: unataka maji? unataka kwenda nje? umeumia? Na Mumbua alitikisa kichwa, akanyamaza. Nilipofika nilidhani ni bubu. Siku ya pili jioni, baada ya Kilonzo kurudi na kuweka miguu kwenye karai la maji moto, ndipo nilipomsikia.

"Leo Susu amefika amekasirika," Kilonzo alimwambia, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana. Susu kwa Kikamba ni bibi, mama wa mama au wa baba. Nami nikadhani anamsema bibi wa mtu.

Mumbua akakaribia karai. "Kwa n-n-n…"

Kilonzo hakumsaidia. Alisugua kisigino, akangoja, kana kwamba dunia nzima haina haraka.

"Kwa n-nini?"

"Anasema maji ya tangi letu yana chumvi. Anasema, 'Ki-ki-kilonzo, wa-wa-wataka kuniua kifua?'" Na alipolisema hilo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mwanamke mzee, yenye kikohozi na mvuke ndani yake, na yenye kigugumizi. Mumbua alicheka mpaka akakaa chini.

Susu ilikuwa injini. Zilikuwa zimebaki chache za mvuke wakati ule. Zilichoma mafuta mazito badala ya makaa, na tayari kila mtu alijua siku zao zimehesabiwa, kwa kuwa zile za dizeli zilishakuja, zenye pua bapa na rangi inayong'aa. Lakini siku za soko la ng'ombe, treni ya mizigo ililetwa na injini moja kuukuu ya mvuke, nyeusi, yenye magurudumu mengi, ambayo ilisimama kwetu kunywa maji na kupanga mabehewa ya ng'ombe. Ilipoanza kuvuta mzigo mzito magurudumu yalikuwa yakiteleza. Ungesikia mshindo mmoja wa polepole, mwingine, kisha ghafla mfululizo wa haraka haraka usio na nguvu, kisha kimya, kisha ikaanza tena. Kilonzo alimpeleka Mumbua jukwaani akamwonyesha. "Umesikia? Amekwama kwa neno la kwanza. Sasa mwangalie dereva. Hampigi kelele. Anamwaga mchanga kidogo kwenye reli, anamwacha apumue, anaanza tena. Na akishaanza, nani wa kumsimamisha? Atafika Mombasa."

Hivyo ndivyo alivyompa mtoto wake mtu wa kufanana naye. Susu alijua kila kitu kilichotendeka landhi. Alijua ni nani aliyemwaga uji, ni nani aliyemvuta kuku mkia, na kwamba Mumbua amejifunza kufunga kamba za viatu. Alikuwa na adui yake, injini ya dizeli ambayo Kilonzo aliiita Karani. Karani aliongea kupitia puani, bila kupumzika, na kwa sababu hakunywa maji hakuwa na sababu ya kusimama kusalimia watu. "Anaongea sana," Susu alilalamika, "la-la-lakini umewahi kusikia amesema nini?" Mumbua alipokuwa akimjibu Susu, maneno yake yalikwama, ndiyo, lakini hayakumtia aibu, maana aliyekuwa akizungumza naye alikuwa amekwama pia. Walianza pamoja. Nimefundisha watoto wadogo miaka mingi tangu hapo, nimepelekwa semina, nimesikia wataalamu. Sijaona tena kitu kama kile kilichofanyika kando ya karai lile.

Dereva wa Susu aliitwa Mzee Ogutu, mtu wa upande wa ziwa, mzito, mpole, mwenye leso nyekundu shingoni. Kilonzo alikuwa amemwingiza katika mchezo. Alimweka Mumbua juu ya gunia la pumba karibu na bomba la maji, yeye akasimama nyuma yake, akaongea kwa sauti ya Susu. Ilipofika zamu ya Susu kucheka au kukasirika, Mzee Ogutu aliyekuwa juu ya injini alivuta kitu, mvuke mweupe ukaruka pembeni kwa kishindo, na mtoto akapiga makofi. Wachunga ng'ombe wa Kimasai na wafanyabiashara kutoka Ikutha na Kibwezi walisimama kuangalia. Mwanamume mmoja aliwahi kuniuliza, kwa uzito wote, ikiwa ni kweli serikali imenunua injini zinazojua Kikamba.

Mwikali hakuupenda mchezo huo. Nilisikia wakizungumza nyuma ya pazia, kwa ile sauti ya wazazi wanaodhani mtu aliyelala hana masikio.

"Unamdanganya mtoto."

"Simdanganyi. Namtafutia rafiki."

"Rafiki wa chuma! Mwaka ujao anaenda shule. Atasimama mbele ya mwalimu aseme treni imeniambia? Si watamcheka mara mbili?"

"Akifika huko atakuwa na maneno yake mwenyewe. Hatakuwa akimhitaji tena Susu."

"Na akijua ni wewe?"

"Akijua ni mimi," alisema, na nikasikia akigeuka kitandani, "basi atakuwa amekua, na mimi nitakuwa nimezeeka, na tutacheka."

Jirani yetu, Mama Zuhura, ndiye aliyekuwa upande wa Kilonzo. Wazazi wake walikuwa wamehamia Kitui kutoka pwani kufanya biashara, akaolewa na karani wa stesheni, na Kiswahili chake ndicho kilichonifundisha mimi kukipenda Kiswahili. Alikuwa akikaanga mahamri mlangoni pake, akimsikiliza Susu akipiga domo, akisema, "Mwache mwanaume, Mwikali. Baba wanaokaa chini kucheza na watoto wao, hao hawaoti kama nyasi." Na mwaka ulikuwa mzuri hivyo. Mvua zilinyesha. Kunde zilikua mpaka kando ya reli. Mumbua alianza kuniita Anti kwa pumzi moja, bila kukwama, na siku ya kwanza alipofanya hivyo Mwikali aliingia jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko moshi ulivyohitaji.

Siku ambayo Kilonzo alikufa ilikuwa siku ya soko la ng'ombe. Sitaisimulia kwa urefu, kwa sababu sikuiona yote na sehemu niliyoiona sitaki kuigawa na mtu. Walikuwa wakiunga behewa la mwisho. Mkojo na kinyesi cha ng'ombe vilikuwa vimelowesha sehemu ile, na Kilonzo aliingia kati ya mabehewa kama alivyoingia kila siku, akateleza wakati Susu alikuwa anarudi nyuma polepole. Hakuna aliyekosea. Ishara ilitolewa, ikaonekana, ikatiiwa. Nilikuwa nikimimina chai nikasikia watu wakipiga yowe, kisha nikasikia injini ikisimama, na kisha ule ukimya wa mvuke unaotoka polepole bila mtu kuugusa. Mzee Ogutu alishuka. Alitembea kando ya mabehewa, akafika, akatazama, akavua leso yake ya shingoni akafunika nayo pale palipohitaji kufunikwa. Mumbua alikuwa kwa Mama Zuhura akicheza na unga. Hilo pekee ndilo Mungu alilotuonea huruma siku hiyo.

Wakaja watu wa ukoo wa Kilonzo kutoka Wote, na mkubwa wao akaamua. Mtoto asione, asiambiwe. Mwili haukuwa wa kuonwa na mtoto. Aambiwe baba yake amepelekwa hospitali kubwa, na akishakuwa na akili ataambiwa. Mwikali wakati huo hakuwa na nguvu ya kukubali wala ya kukataa. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, amepewa uji akaushika mpaka ukapoa, akapewa mwingine. Mama Zuhura peke yake ndiye aliyesema. "Wazee wangu, mimi si wa ukoo wenu, lakini mtoto huambiwa. Asipoambiwa na mama yake ataambiwa na upepo." Wakamshukuru kwa maneno mazuri, kisha wakamwomba abaki na mtoto wakati sisi tukienda kuzika.

Kwa hiyo tulimzika Kilonzo bila binti yake. Tuliporudi landhi Mumbua alikuwa ameketi kizingitini amevaa gauni la Jumapili. Mama Zuhura alikuwa amemsuka nywele. "Nau?" aliuliza. Ndivyo sisi tunavyomwita baba.

"Yuko hospitali," nikasema, maana Mwikali alikuwa amepita akaingia ndani.

"A-a-atarudi lini?"

"Madaktari wakimaliza."

Kuanzia hapo kila siku alikwenda jukwaani. Alikuwa bado anaongea wakati huo, hilo nalikumbuka vizuri. Aliniuliza maswali, aliimba, alimsemesha paka wa karani. Susu alikuja siku za soko, lakini akiendeshwa na dereva mwingine, kijana asiyejua lolote, na Mumbua alisimama kando ya bomba la maji akiinua uso, akingoja. Mvuke ulitoka pale ulipotaka kutoka. Nilisimama nyuma yake nikimshika mabega, nikihofia atauliza kwa nini Susu haongei, na sikujua ningejibu nini. Hakuuliza. Nilifikiri ni ustaarabu wa mtoto. Jioni, mimi na Mwikali tulikula, karai likiwa limeegemezwa ukutani, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kulitumia wala wa kulificha.

Kisha Mzee Ogutu alirudi kutoka likizo aliyopewa. Kabla ya kupanda kazini alikuja nyumbani. Aliinama kupita mlangoni, akakaa kwenye kiti cha Kilonzo bila kujua ni cha Kilonzo, na kofia yake akaiweka magotini. Mwikali alimpakulia chakula. Hakula. Alikuwa amekonda, na leso nyekundu haikuwepo.

"Mama," alimwambia Mwikali, ambaye angeweza kuwa binti yake, "mimi nimeendesha hiyo mashine tangu nikiwa kijana. Sijawahi kugusa hata mbuzi."

"Najua, Mzee."

"Alikuwa rafiki yangu."

"Najua."

"Sasa huyu mtoto." Alimwangalia Mumbua, aliyekuwa akimwangalia kutoka nyuma ya pazia. "Nimesikia anakuja pale kila siku. Nikifikiria hivyo, silali. Nataka nimfanyie kitu. Hata kidogo tu."

Mwikali hakujua anaomba nini. Hata mimi sikujua. Akasema, "Mfanyie, Mzee," kwa sauti ya mtu aliyechoka.

Siku ya soko iliyofuata Susu aliingia stesheni akiendeshwa na Mzee Ogutu. Mumbua alikuwa pale pale, juu ya gunia la pumba. Nilimwona yule mzee akimwachia kijana msaidizi wake injini, akishuka upande wa pili ili asionekane, akizunguka nyuma ya tangi. Nikaelewa, na kwa kweli nilifurahi. Nilifikiri, asante Mungu, kuna mtu aliyefikiria. Sauti ikatoka nyuma ya miguu ya tangi. Alikuwa amejitahidi. Aliikunja sauti yake nene ikawa nyembamba, akaweka kikohozi, akaweka hata kile kigugumizi. "Mu-mu-mumbua. Mu-mu-mumbua mjukuu wangu. Mimi Susu. Ba-ba-baba yako anakusalimia. Ni-ni-nisamehe mjukuu wangu." Hapo sauti ikavunjika. Ikawa ya mwanamume mzee anayelia nyuma ya tangi la maji, na juu, yule kijana asiyejua kitu, akidhani ndiyo zamu yake, akaachilia mvuke.

Mumbua hakupiga makofi. Alikaa mpaka mvuke ukaisha. Kisha alishuka kutoka kwenye gunia, nyuma kwanza, kama watoto wanavyoshuka kitandani, akapangusa gauni, akaelekea nyumbani bila kukimbia. Nilimfuata. Alipofika alilala kitandani akaugeukia ukuta. Nilimuuliza kama anaumwa. Nilimuuliza kama ana njaa. Hakujibu siku hiyo, wala siku iliyofuata, na tulipokuja kutambua kwamba hataongea, mwezi ulikuwa umepita. Mzee Ogutu aliomba kuhamishwa upande wa magharibi. Hatukumwona tena, na hata leo sijui kama alikufa akijua kwamba hakuna aliyemchukia.

Miaka yote nimeamini kwamba Mumbua aliikasirikia injini. Niliamini kwamba kwa akili ya mtoto alijiuliza: ikiwa Susu anajua kuongea, kwa nini hakumwambia Nau atoke njiani? Hata nimewahi kuwaeleza walimu wenzangu hivyo, nikitoa mfano wa hatari ya kuwatia watoto ndoto vichwani. Jioni ile baada ya mazishi ya Mwikali, sinia likiwa limeshawekwa chini na mtoto wa simu amelala, nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa jikoni, tukichambua kunde za kesho. Sitaandika kila mahali alipokwama. Yeye mwenyewe hukwama bila haraka siku hizi, na anayezungumza naye hujifunza kutulia.

"Anti," alisema, "mimi nilijua siku zote ni Nau."

Nikaacha kunde.

"Nilikuwa naona shingo yake ikivimba akianza kuongea kama Susu. Na alikuwa ananuka tumbaku, hata akiwa Susu. Nilijua kabla wewe hujaja."

"Mbona hukusema?"

"Angeacha." Alitoa jani lililooza akalitupa kando. "Alikuwa anafurahi sana. Na mimi, yeye akiwa Susu, alikuwa anakwama kama mimi. Akiwa Nau alikuwa anaongea vizuri kama nyinyi wote. Sasa ningemwambia najua, ningebaki na nani?"

Niliuliza basi alikuwa akienda kufanya nini jukwaani siku zote zile, kama hakuwa akiingoja injini iongee.

"Nilikuwa namngoja yeye. Mlisema yuko hospitali. Nilijua akirudi atapitia kazini kwanza." Alicheka kidogo, kile kicheko cha mama yake. "Halafu yule mzee akaongea nyuma ya tangi, akaniomba msamaha kwa sauti ya Susu. Hapo ndipo nilijua amekufa. Anti, hakuna mtu anachukua kazi ya mtu ambaye atarudi."

Nilimshika mkono, mkono wenye udongo wa kunde, na tukakaa hivyo mpaka mmoja wa wajomba akaja kutafuta chumvi. Tulikuwa watu wazima wengi kiasi gani pale landhi, wenye akili zetu na mashauri yetu, tukimficha msiba mtoto ambaye alikuwa ameshaubeba peke yake kitandani, uso ukiwa ukutani. Na alikuwa amembeba baba yake pia, tangu awali, akimlinda asijue kwamba amejulikana.

Mwisho wa mwaka ule aliokufa Kilonzo tuliondoka. Chumba kilikuwa cha mfanyakazi, na mfanyakazi mwingine alikuwa ameshafika na mkewe na magodoro, wakingoja kwa adabu chini ya kivuli cha ofisi huku sisi tukitoa vitu. Mama Zuhura alitufungia mahamri kwenye gazeti, akamkumbatia Mwikali, akachuchumaa mbele ya Mumbua akamshika mashavu. "Mwanangu, siku ukiwa tayari," alimwambia, basi. Tulipewa ruhusa ya kusafiri bure mpaka Emali, ambako tungepata gari la Wote. Treni ilivutwa na dizeli. Iliondoka kwa ulaini mno, kana kwamba ni stesheni iliyokuwa ikiondoka, si sisi. Tulikaa daraja la tatu kwenye benchi la mbao, Mwikali dirishani, Mumbua katikati, mimi upande wa njia. Mbele yetu palikuwa na mwanamke kutoka mji wa Salama na kikapu cha maembe mabichi, na mzee mmoja aliyekuwa akisinzia na fimbo yake.

Mkaguzi wa tikiti alikuja akiyumba na treni. Alikuwa mtu wa makamo, mchovu, mwenye sauti ya kawaida ya kazi. Mwikali alimwonyesha ile ruhusa. Akaisoma, akatutazama. "Hii ni ya familia ya mfanyakazi," alisema. "Mwenyewe yuko behewa gani?"

Dada yangu alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alikuwa hajawahi kulisema mbele ya Mumbua hata mara moja, alikuwa amezuiwa, na sasa mtoto alikuwa ameketi ubavuni pake na mtu amesimama akingoja. Nikaanza kuinuka ili nimvute yule mkaguzi kando nimnong'oneze. Ndipo nikahisi mkono mdogo ukinishika gauni.

"A-a-a…" Mumbua alisema.

Hatukuwa tumesikia sauti yake tangu siku ya tangi. Mwikali aligeuka. Mkaguzi aliinama kidogo, akidhani mtoto anamsalimia. "A-a-ame…" Shingo yake ilikuwa imekaza, macho yamelengwa na machozi, na ngumi moja ilikuwa ikipiga goti lake, polepole, mshindo mmoja, kisha mwingine. Yule mwanamke wa Salama akasema kwa huruma, "Amelala? Amebaki?" Mumbua akatikisa kichwa. Mzee wa fimbo alikuwa ameamka. Mkaguzi, sijui alikuwa baba wa watoto wangapi, akavua kofia yake akaishika kifuani, na akangoja. Kilima kikapita dirishani, daraja likapita, na bado tulikuwa tukingoja, behewa zima, na hakuna aliyekohoa.

"Amekufa," Mumbua alisema. Kisha, kwa sababu njia ilikuwa imefunguka, akaendelea bila kukwama, akimtazama mama yake na si mkaguzi. "Nau amekufa. Susu alimkanyaga. Nyinyi mlienda kumzika, na mimi nikabaki na Mama Zuhura nikisukwa nywele."

Mwikali alimvuta mapajani, mtoto mkubwa vile, miguu ikining'inia, akaweka kidevu chake juu ya zile nywele.

"Ndiyo, mama," alimwambia. "Amekufa."